Matundu Manne

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na moja, na ukishajua hilo umeshamjua kabisa. Mtunza stoo anayesifiwa ni yule ambaye vitu vyake vyote vipo. Ukienda kumwomba balbu, anakuuliza ile iliyoungua iko wapi. Ukienda kumwomba sabuni, anakukagua mikono kwanza. Mwisho wa mwaka wakaguzi wanakuja, wanahesabu, wanakuta idadi imetimia, wanampa mkono, na hakuna anayeuliza ni watu wangapi walikaa gizani ili balbu zitimie. Kazini walimwita Bwana Stoo, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Siku ya kustaafu walimzawadia saa ya ukutani. Aliitundika nyumbani, kisha akaishusha tena ili aandike tarehe mgongoni mwake.

Mimi watu wa namna hiyo siwawezi, na sitajifanya nawaweza. Mwaka wa ishirini na sita huu natoboa vyuma katika kiwanda cha vitanda. Kitanda kimoja kina matundu thelathini na mawili, na kwa siku napitisha vitanda sitini. Nasimama mbele ya drili kubwa, navuta mkono wake chini, natoboa, naachia. Vifaa vyangu vyote viko ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa waya kwenye shingo ya mashine: biti nne za kutobolea, brashi ya kufagilia vumbi la chuma, kipande cha chaki. Ufunguo wa kukazia biti unaning'inia pembeni kwa kamba ya kiatu. Nikifumba macho naushika. Elimu ya kuweka vifaa karibu inaanza na kuishia hapo: kinachotumika kikae mkono unapofika, kisichotumika kiondoke. Mtu akikwambia kuna zaidi ya hapo, mwulize mara ya mwisho alitoboa nini.

Shemeji alipopata kiinua mgongo chake, alinunua drili ya mezani. Mtu ambaye kalenda yake ya ukutani iligongelewa msumari na mkewe! Alisafisha stoo iliyo chini ya ngazi za nyumba yao, akaweka meza, akaweka mashine juu ya meza, akaihamishia huko ile saa yake, akaanza kuita mahali hapo karakana. Pamoja na mashine alinunua jiliwa dogo la kubania kitu kinachotobolewa, vibano sita, biti kumi na nane, miwani, brashi tatu, na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu.

"Sasa utatoboa nini, shemeji?" nilimwuliza.

"Taratibu, shemeji. Kwanza kila kitu kipate mahali pake."

Mwezi mmoja haujaisha, dada yangu akaanguka kwenye zile ngazi.

Nieleze nyumba yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa. Wao wanaishi juu. Kutoka mlango wao kushuka chini kuna ngazi tisa za saruji, za nje, nyembamba, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa tupu. Chini, mbele, kuna chumba kinachotazama barabara, na ndani ya chumba hicho kuna cherehani ya dada. Yeye ni fundi wa nguo tangu msichana. Wateja wake wengine aliwashonea nguo za shule, akawashonea za harusi, sasa anawashonea watoto wao. Alikuwa anashuka asubuhi na mvua nyembamba, kitambaa cha mtu mkononi, mguu ukateleza. Nyonga ikavunjika. Kitambaa hakikuchafuka, na hilo ndilo jambo la kwanza alilouliza hospitali.

Daktari alisema atatembea kwa fimbo, lakini ngazi asizikanyage mpaka ziwe na reli ya kushika. Anguko la pili, alisema, halitakuwa na matibabu. Shemeji akasimama pembeni ya kitanda, mbele yangu, mbele ya daktari na muuguzi, akasema, "Mke wangu, ukirudi nyumbani utakuta reli. Nitaitengeneza kwa mikono yangu."

Nakiri alianza vizuri. Alimleta mwashi, mwashi akasimika nguzo nne za chuma kwenye saruji pembeni ya ngazi, kila moja ina kichwa bapa chenye tundu lake tayari la kupitishia bolti. Aliagiza ubao wa mti mgumu, urefu mita tatu na ushee, upana wa kiganja, umepigwa randa mpaka unateleza. Ukiuweka ubao juu ya nguzo, ukakaza bolti nne, reli imekwisha. Kilichobaki ni kuutoboa ule ubao matundu manne. Narudia: manne. Mimi kazini natoboa manne kabla sijamaliza kupiga chafya.

Dada alirudi, majirani wawili wakampandisha kwa kiti mpaka juu. Nguzo zilikuwepo. Reli haikuwepo.

"Ubao bado unakauka," shemeji alimwambia. "Ukiutoboa haujakauka utapinda."

Dada akakubali. Nikashuka chini kwenda kuona ubao unaokauka. Nikaukuta ukutani, juu ya ile mashine, umekazwa kwa skrubu. Alikuwa ameupigilia kulabu mstari mzima, na kwenye kila kulabu ametundika kifaa kimoja. Na kwa kila kifaa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikiondoka kivuli chake kibaki kukidai. Chini ya kila umbo kuna maandishi. KIBANO KIKUBWA. KIBANO KIDOGO. BRASHI 1. BRASHI 2. MIWANI. Ule ufunguo wa kukazia biti ulikuwa katikati kabisa, na chini yake: UFUNGUO – USIGUSE.

"Huu si ubao wa reli?"

"Ndio wenyewe," alisema bila kupepesa macho. "Nimeuazima tu. Ulikuwa umelala bure, na ukuta una urefu uleule. Ona ulivyokaa!"

Kisha akanionyesha biti. Alikuwa amechukua kipande cha mti, kigogo cha urefu wa mkono, akakitoboa matundu kumi na nane kwa mstari, kila biti ikitoboa tundu lake yenyewe na kubaki humo humo, imebanwa sawasawa, haichezi. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mashine ile ilikuwa imefanya. Ilijitobolea mahali pa kuweka vifaa vyake. Nyumba ile sasa ilikuwa na vigogo wawili, na kati yao yule wa mti ndiye aliyekuwa na faida zaidi.

Nilichukua brashi moja kufuta vumbi kwenye gauni langu. Shemeji akafungua daftari. Akataka nitie sahihi.

Jumatatu wakati wa chai niliwasimulia wenzangu kiwandani, na wallahi sijawahi kuona watu wakicheka vile. Yule mama anayechomelea miguu ya vitanda alimwaga chai. "Tia sahihi!" wakawa wanaambiana wiki nzima, mtu akiomba hata kijiko. Tangu hapo kila Jumatatu walinisubiri. "Haya, Bwana Stoo kafanya nini tena?" Nami nilikuwa nalo la kuwapa kila wiki, maana mjinga hakauki. Wiki hii amepaka rangi mikono ya vibano, myekundu kwa vile vikubwa, buluu kwa vidogo. Wiki ile ameshonesha kifuniko cha mashine, na aliyekishona ni dada, kwa mkono, huko juu alikokaa. Wiki nyingine amehamisha BRASHI 2 upande wa kushoto, akafuta umbo, akachora upya. Miezi ikapita hivyo.

Dada alikuwa anakaa juu ya ngazi, mlangoni, kwenye kigoda. Wateja walisimama chini wakamwita, naye akawajibu kwa sauti, akawatupia nguo zao zilizobaki. Mwanzoni walikuja wengi. Mmoja alimpandishia kitambaa cha sare ya watoto wanne, akakishona kwa mkono, vidole vikavimba, akakawia, mteja akachukua vilivyobaki akaenda kwa fundi mwingine kule njia panda. Hakusema kwa ubaya, alisema "pole mama, shule zinafunguliwa." Baada ya hapo wakawa wanapita tu, wanapunga mkono. Dada siku zote alikuwa na utepe wa kupimia shingoni, tangu nina akili namwona nao, hata akipika, hata msibani. Mwezi wa tano tangu arudi nilikwenda nikamkuta shingo tupu. Nikauliza utepe uko wapi.

"Upo chini huko. Wa nini?"

Siku hiyo nilikasirika kweli. Shemeji alikuwa amekaa ndani, anakata vibandiko vya karatasi. Nikasema kwa sauti ili asikie vizuri: "Dada, ngoja nikutobolee mimi hayo matundu yako. Naenda kiwandani na kurudi, chai yako haijapoa. Huyu mwache aendelee kupamba mashine yake kama bibi harusi."

Shemeji aliinamisha kichwa. Mkasi ukasimama. Dada akanikata jicho.

"Usimseme mume wangu ndani ya nyumba yake. Amesema atafanya, atafanya. Ubao haujakauka." Akanitazama kidogo. "Au umekauka?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini nilimwona shemeji anavyotokwa jasho, nikaona raha, nikasema, "Mwulize mwenyewe, si ndiye fundi?" Nikabeba mkoba nikaondoka, nikicheka njia nzima. Jumatatu niliieleza hiyo ya jasho mara mbili.

Mwezi wa saba tangu dada arudi, mvua za kweli zimeanza, shemeji alinitumia ujumbe. Jumamosi asubuhi, nije, kazi ya reli inaanza. Nikaenda, nani angekosa? Nilimkuta kwenye karakana amevaa ovaroli mpya, imepigwa pasi mpaka mikono ina mstari. Miwani usoni. Daftari mkononi. Alikuwa ameandika hatua za kazi, moja mpaka kumi na nne, na akaanza kuzisoma kwa sauti. Huko juu, dada alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni, anasikiliza.

"Hatua ya kwanza," alisoma. "Kutoa biti namba kumi."

Akaishika biti namba kumi. Akaivuta. Akaishika vizuri zaidi, akaivuta. Haikutoka. Akaijaribu ya tisa, kwa kuhakikisha. Haikutoka. Akachukua koleo juu ya maandishi KOLEO, akabana, akavuta mpaka kigogo kikanyanyuka juu ya meza pamoja na biti zake zote kumi na nane, na yeye anakitikisa hewani kama mtu anayekung'uta kuku manyoya.

Mti ulikuwa umevimba. Mtu yeyote aliyewahi kufunga mlango wakati wa mvua anajua mti huvimba. Tundu lililotobolewa na biti ileile linaibana hata siku za jua, sembuse siku ambazo hewa yenyewe inachuruzika maji. Na kutu ilikuwa imeshaanza kuzifunga kwa ndani. Mtunza stoo alikuwa amefikia ukamilifu wake. Alikuwa na vifaa ambavyo haviwezi kutoka.

"Basi kivunje hicho kigogo," nilimwambia.

Akakikumbatia. Nasema kweli, alikikumbatia kifuani, juu ya ile pasi. "Kukivunja? Shemeji, hii ni kazi ya wiki tatu! Mti umevimba tu. Tusubiri kiangazi, ukinywea zitatoka zenyewe."

Kiangazi! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilicheka kwa sauti ambayo nilijua inafika juu.

Ndipo tukasikia kishindo kidogo. Kimya. Kishindo kingine.

Tulitoka nje. Dada alikuwa ngazi ya tatu kutoka juu, amekaa chini, fimbo imelala mapajani. Alikuwa anashuka kwa makalio. Anaweka viganja viwili kwenye saruji, anajinyanyua, anajishusha ngazi moja, anatulia, anavuta ule mguu mbovu umfuate. Mvua ilikuwa inanyesha polepole na gauni lake lilikuwa limelowa lote nyuma. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyewavalisha maharusi wa mtaa mzima. Barabarani watu wawili walisimama wakatazama, kisha wakaona haya wakaendelea na safari.

Shemeji alianza kupanda. Nami nilianza.

"Kila mtu akae alipo," alisema dada.

Tukakaa tulipo. Alizishuka zote. Kwenye ngazi ya mwisho aliishika ile nguzo ya chini, akajiinua, akasimama kwa fimbo, akatupita katikati yetu akaingia karakana. Hakuwa amekanyaga humo tangu ilipokuwa stoo ya masufuria. Alisimama mbele ya ukuta. Aliyasoma maandishi ya kila kifaa, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huu ndio ubao unaokauka?"

Shemeji alivua miwani. "Niliuazima tu, mke wangu. Kwa muda."

"Inayotakiwa ni namba ngapi?"

Mimi nikasema, "Kumi." Akakichukua kigogo mikononi mwa mumewe, akakilaza juu ya meza. Akanyoosha mkono ukutani akachukua nyundo, akachukua patasi. Nimtendee haki mtunza stoo wetu: dada alivipata mara moja. Akaweka patasi kwenye mstari wa matundu, akapiga. Mara ya tatu kigogo kikapasuka kufuata mstari wake, biti zikamwagika sakafuni, kubwa na ndogo pamoja. Shemeji alitoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Shusha ubao," dada alimwambia. Kisha akanigeukia. "Toboa."

Aliushusha. Alitoa kifaa kimoja kimoja kutoka kwenye kulabu na kukilaza sakafuni, na, Mungu ananiona, alivilaza kwa mpangilio uleule. Mimi nilipima, nikaweka alama, nikakaza biti. Ubao ulikuwa mrefu kuliko meza, kwa hiyo nilimwambia ashike ncha moja. Mashine ilipouma mti aliruka kidogo. Miezi minane anaimiliki, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliona maganda ya kazi yakimwagika. Alishika vizuri, nikubali, hakutikisika. Matundu manne, dakika kumi na moja kwa saa yake ya kustaafia.

Tulikaza bolti mvua ikitunyeshea. Nilitaka kwanza nipige msasa, nitoe ile rangi nyeupe, ubao upendeze. Dada akakataa. "Nataka kushika leo. Urembo mtafanya nyinyi mnaoupenda." Akapanda ngazi zote tisa, akashuka zote tisa, mkono haukuachia. Kisha akaenda kufungua chumba chake.

Nilimfuata. Cherehani ilikuwa na vumbi, mkanda umelegea. Alipangusa kwa kona ya gauni lake, akaketi, akaokota utepe juu ya meza akautia shingoni. Nilikuwa bado nina kicheko kifuani, kinanisumbua, nataka wa kugawana naye.

"Dada, lakini umemwona alivyovipanga sakafuni? Mpaka BRASHI 2!"

Hakucheka. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani, ameinama, jicho moja amelifumba.

"Ule ubao uliuona ukutani lini?"

Ningeweza kusema wiki iliyopita. Ulimi ukanisaliti. "Siku ile uliporudi."

Uzi ukaingia. Akauvuta, akaukata kwa meno.

"Mume wangu ni mpumbavu," alisema. "Najua, nimeishi naye. Hajui tofauti ya kazi ya dakika moja na ya mwaka mmoja. Lakini wewe ulijua ni matundu manne. Ulijua, ukawa unakuja kila wiki, unashuka huko chini kutazama, unapanda unaniambia habari, unaondoka unacheka." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Na mimi nimekaa pale juu."

Nilikuwa na majibu mengi, kwamba nilijitolea, kwamba yeye ndiye aliyenikatalia. Yote yalikuwa kweli. Nyani haoni kundule. Mimi nilikuwa nimelitazama la shemeji miezi saba, nikalisimulia kila Jumatatu na chai, na chai ilikuwa tamu.

Alianza kukanyaga cherehani. Ililalamika kidogo, kisha ikakubali. Hakuniambia niondoke. Hakuniambia nikae.

Mkoba wangu ulikuwa juu. Nilitoka nikapita karakana. Shemeji alikuwa amepiga magoti na ovaroli yake, anaokota biti, anasoma namba ya kila moja kwenye mwanga wa mlango, na pembeni yake ameweka kopo tupu la maziwa. Hakuniona, au hakutaka kuniona. Nilianza kupanda. Ngazi zilikuwa zimelowa na viatu vyangu vya kazini vimelika soli, kwa hiyo nilishika reli. Katikati hivi nilitazama nilipoweka mkono. Maji yalikuwa yanapita juu ya lile umbo jeupe la ufunguo, na kiganja changu kilikuwa kimefunika nusu ya maandishi. Nusu iliyobaki ilisomeka vizuri: USIGUSE.

Niliondoa mkono. Ngazi zilizobaki nilizipanda bila kushika kitu.